Mishono ya Jioni

Kila siku nikitoka shule navua viatu, nakula, kisha nakaa barazani kwetu Muyinga pamoja na Mama, tunadarizi kofia. Mishono ya Mama hata asiyempenda hawezi kuitia dosari. Baba huzipeleka kofia Kobero, mpakani, ambako wasafiri huzinunua. Mimi nilishika sindano nikiwa na miaka saba, na sasa nina kumi na mitatu, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sijui kazi.

Lakini mwaka jana mwili wangu ulianza vituko. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Ikifika saa kumi alasiri, vidole vililegea, kope zikashuka zenyewe, na sauti ikawa inapitia puani. Nikilala usiku, naamka mzima tena. Mtu akiugua asubuhi huonewa huruma. Akiugua alasiri tu, huitwa mvivu. Mwalimu Josephat alinisimamisha mara nyingi katika kipindi cha mwisho akidhani nasinzia, na rafiki yangu Elyse akawaambia wenzetu kwamba Latifa huja shuleni kumalizia usingizi. Nilicheka pamoja nao, maana ningesema nini?

Sikumwambia mtu. Jirani yetu aliwahi kusimulia habari za msichana wa Bukirasazi aliyelegea hivyohivyo. Watu walisema ana jini, wakamfungia ndani miaka miwili. Niliogopa chumba hicho ambacho sikuwahi kukiona. Basi kila alfajiri, Mama akiwa anaswali, nilifumua mishono yangu ya jana jioni, iliyolegea na kupinda, nikaishona upya. Mama aliona kofia safi, akasema tu kwamba siku hizi nimekuwa mzito wa kazi.

Nilihisi nimebanwa pande zote. Nikisema, nitafungiwa, nikinyamaza, nabaki peke yangu na mwili usionitii. Kuficha kulinichosha kuliko kushona.

Jioni moja chai ilinirudia puani, nikapaliwa, pumzi ikakata. Mama alinipiga mgongoni mpaka ikarudi. Tulikwenda kituo cha afya, wakapima malaria, hawakuiona, wakanipa vitamini. Nikapaliwa tena, na tena. Mara ya tatu, muuguzi mmoja aitwaye Kasilda alimwambia Mama kwamba mtoto huyu anahitaji daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na misuli. Pale Muyinga hakuwapo. Kasilda alipiga simu huku na huku kwa siku nne, mpaka akasikia kwamba yupo mmoja anayefika kliniki fulani ya Gitega siku moja tu kila mwezi.

“Mkimkosa hiyo siku, ni kungojea mwezi mwingine,” alimwambia Mama. “Na huyu mtoto, mi sitaki angojee.”

Tulifika Gitega siku moja kabla, tukalala kwa shangazi. Mama hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo alitaka nimalize kofia moja niliyokuwa nimeianza, ya kumpa daktari. Niliimaliza jioni ile kwa vidole vilivyolegea, nikaifunga kwenye gazeti, nikikusudia kufumua mishono ya jioni alfajiri na kuishona upya. Lakini Mama aliniacha nilale hadi jua lilipotoka, ili niende kwa daktari nikiwa na uso mzuri. Nilipotoka kuoga, kofia ilikuwa tayari kwenye mkoba wake. Alinipaka mafuta, akanifunga mtandio mpya, tukatoka.

Daktari alikuwa mwanamke, Dokta Bulonza, mwenyeji wa Bukavu. Mama, aliyekuwa amebeba kofia ya kiume, alishtuka kidogo. Dokta aliniuliza kama nakula vizuri, nameza vizuri, naona vizuri. Nami, kama nilivyofunzwa kumjibu mkubwa, nilisema vizuri, alhamdulillahi, kila alipouliza. Mama alijaribu kueleza habari ya kupaliwa, lakini nikadakia kwamba ilikuwa haraka yangu tu ya kunywa. Dokta alinigonga goti kwa nyundo ndogo, akaniambia nisukume mikono yake. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote za asubuhi.

“Mama, mi sioni kitu,” alisema. “Mtoto iko na nguvu. Labda ni uchovu ya masomo.”

Mama aliinuka, akashukuru, akatoa kofia, akisema Dokta ampelekee mumewe au baba yake. Dokta aliifungua, akaisifu, akaizungusha taratibu, kisha mkono wake ukasimama.

“Huku kazi iko nzuri. Na huku, ni mtu mwingine alishona?”

Mama aliitazama kofia, akainamisha uso kwa aibu. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: ningesema ni mdogo wangu, wangeamini, tungerudi nyumbani. Nikakumbuka pumzi ilivyokata. Nikaona kwamba tukitoka mlangoni pale, nitakuwa nimejifungia mwenyewe.

“Ni mimi,” nilisema. “Huku ni asubuhi, huku ni jioni. Kila siku iko hivyo. Nafumua alfajiri ili Mama asione.”

Dokta aliketi tena. Aliniambia niitazame taa ya darini bila kushusha macho. Kabla ya dakika mbili kope zilianguka. Akaniambia nihesabu kwa sauti. Nilipofika arobaini, maneno yalipitia puani. Mama alikuwa analia kimya.

Dokta alieleza kwamba ugonjwa huo unaitwa miastenia. Mishipa ya fahamu inatuma amri, lakini misuli ikishatumika sana haiipokei vizuri. Si jini wala si uvivu. Wangepima damu kuhakikisha, na vidonge vya kuutuliza vipo. Ila ukiachwa, unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia.

Nje, Mama aliniuliza kwa nini nilificha. Nikamweleza habari ya msichana wa Bukirasazi.

“Nani angekufungia, Latifa? Mimi?” aliuliza, na uso wake ukaniuma kuliko kiboko.

Sasa nameza vidonge kwa saa zake. Mwalimu Josephat aliposoma barua ya daktari aliniomba radhi mbele ya darasa, na Elyse hunibebea mkoba jioni. Siku nyingi mishono yangu ya saa kumi inakaa sawa. Siku nyingine inapinda, kama juzi. Nilishika mkasi nifumue, Mama akanishika mkono.

“Iache, tuipeleke kwa Dokta aione,” alisema. “Mimi ndiye niliyekufundisha kujibu ‘vizuri’. Sikukufundisha yote. Kwa daktari, mwanangu, adabu ni kusema ukweli. Usipomwambia unapoumwa, hata daktari bingwa hawezi kukutibu.”

Nikaweka mkasi chini.