Chuma cha Simsim

Boda boda ilimgonga mbwa mbele ya kibanda cha Josline pale Custom, mchana, soko limejaa. Dereva alisema malesh, samahani ya Kiarabu, akaenda zake. Josline aliacha vitenge vyake, akafungua kitambaa cha kichwani, akamfunika mbwa.

Mwanamume mwenye shati la kijani lililopigwa pasi akachuchumaa, akafinya kidole cha mguu uliovunjika. Mbwa akauvuta polepole.

"Anahisi. Mguu bado ni wake. Mimi naitwa Gerishon, daktari wa wanyama. Mbwa wako anaitwa nani, nyabo?" Alimwita bibi kwa Kiganda.

"Si wangu." Josline akafikiri. "Anaitwa Simsim."

"Si wako, na jina umempa."

Gerishon alimpasua Simsim kwenye chumba chake cha tiba mtaa wa Jebel, akatia chuma ndani ya mfupa wa paja. Akaonya, "Asikimbie, asiruke, asipande gari mpaka nikitoe. Mfupa ukitikisika utaachana tena."

Josline alimbeba Simsim mpaka kwake, na kila jioni Gerishon alimpigia simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Unamuuliza yeye au mimi?"

"Nyote wawili, mpenzi. Ila yeye hanisumbui."

Bendera ya nchi ilikuwa bado mpya Desemba ile vita vilipoanza. Simu zilikatika. Waganda wa Custom, wenzao Josline na Gerishon, walipanda malori kurudi kwao. Josline alibaki chini ya kitanda, amemshika Simsim mdomo asibweke. Alisikia Gerishon ameondoka. Hakulia. Alipika, akala, hakujua ladha.

Malori yalipoanza kurudi, Gerishon alisimama mlangoni kwa Josline. Shati lilelile, limekunjamana.

"Barabara ya kuja kwako ilifungwa," akasema. "Nikakungoja Nesitu, kwenye njia ya kwetu, nikachungulia kila lori. Hukuwamo. Nikajua umenikataa."

"Ulisema asipande gari."

Gerishon akautazama mguu wa Simsim.

"Josline, ulibaki kwa sababu ya neno hilo?"

"Wewe ndiye daktari."

Alikitoa chuma siku hiyohiyo. Simsim alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, alitembea mpaka mlangoni, akichechemea kidogo, akarudi.

"Nataka kukuoa," Gerishon akasema. "Unasemaje?"

"Sijui. Sina hasira. Sihisi kitu tu, kama mguu niliolalia."

Gerishon alichukua mkono wake, akafinya kidole cha mwisho. Wakangoja. Nje muuza maji alipita akigonga mtungi wake.

Josline akauvuta mkono, polepole.

Kisha akaurudisha palepale.