Vitambaa vya Korongoni

Kila asubuhi wakati wa likizo, Minza alianza kazi kwa kufuta vumbi kwenye helmeti za wageni. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita kijijini Nassa, lakini likizo ile alikaa na baba yake, Mashimba, kwenye kisiwa kikavu kilichokuwa ziwani, ng'ambo ya kijiji chao. Kisiwani hapakuwa na shamba wala ng'ombe. Palikuwa na mchanga, miiba na upepo tu. Lakini ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufanya biashara za kila namna, na kampuni moja ilileta pikipiki za magurudumu manne za kuwatembeza watalii. Watu wa Nassa waliziita vyura, kwa jinsi zilivyorukaruka vilimani.

Mashimba ndiye aliyeongoza misafara. Yeye alitangulia, wageni wakamfuata kwa mstari. Nyuma ya kilima kikubwa mvua ilikuwa imechimba korongo refu, na mtu anayepanda kilima hakuweza kuliona mpaka afike kileleni. Kwa hiyo Mashimba alichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, kuonyesha mahali pa kukata kona.

"Mwangaluka, Sengi," Minza alimwamkia kwa Kisukuma shangazi yake, Wilhelmina, aliyekuwa akiwapikia wageni.

"Mwangaluka, mwanangu. Baba yako amevuka kwenda Nassa kuchukua petroli. Leo Deogratias ndiye anayeongoza."

Minza aliacha kufuta. Deogratias, kijana kutoka Nyashimo, alikuwa mgeni katika kazi ile. Hakuwa amezoea njia, alifuata vitambaa. Na vitambaa havikuwepo! Jana yake Minza alivifungua vyote akatengenezea mpira wa kuchezea. Alikusudia kuvirudisha kabla ya safari, akasahau.

Injini zilianza kunguruma. Deogratias alikuwa palepale karibu, akifunga mkanda wa helmeti. Minza alifungua mdomo, sauti haikutoka. "Nitachapwa," aliwaza. "Labda hata baba atafukuzwa kazi." Deogratias alimpungia mkono, msafara ukaondoka, vumbi likabaki hewani.

"Mbona unatetemeka? Una homa?" Wilhelmina alimuuliza, akimgusa paji la uso.

"Hapana, Sengi." Machozi yalimtoka. "Vitambaa vya korongoni... nimevitoa mimi."

Mwiko ulimdondoka Wilhelmina. "Vyote?"

"Vyote."

"Kimbia! Wao wanazungukia ufukweni kwanza. Wewe pita njia ya miguu. Nakuja nyuma yako!"

Minza alikimbia. Ndala zilimvuka, miiba ikamchoma, hakusimama. Alipofika kileleni alisikia injini zikipanda upande wa pili. Alipiga kelele, lakini mngurumo uliimeza sauti yake. Nyuma yake korongo lilikuwa wazi. Alisimama katikati ya njia, akapunga mikono yote miwili.

Pikipiki ya kwanza ilichomoza ghafla. Deogratias alimwona, akakamata breki kwa nguvu. Pikipiki iliteleza, ikalala ubavu, ikamtupa mchangani. Ilisimama ukingoni kabisa. Bonge la udongo lilimeguka, likatumbukia chini.

Minza alimpita mbio, akateremka akiwapigia kelele wageni. Mmoja baada ya mwingine walisimama. Wilhelmina naye akafika, akihema.

Deogratias aliinuka akiwa ameshika mkono ulioumia. Alitazama korongo, uso wake ukapauka. "Vitambaa viko wapi?" aliuliza. "Upepo umevichukua?"

Minza angeweza kuitikia. "Siyo upepo," alisema. "Nilivitoa mimi."

Mashimba aliporudi na kuelezwa yote, alimchukua binti yake mpaka ukingoni. Hakugomba, na hilo lilimtisha Minza zaidi.

"Deogratias alipokuwa akifunga helmeti, wewe ulikuwa wapi?"

"Karibu naye, baba."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

Mashimba alichungulia korongoni. "Hata mimi nimeogopa leo," alisema. "Kutoa vitambaa ni kosa, na utaadhibiwa. Hutacheza mpira mpaka shule zifunguliwe. Lakini kunyamaza ndiko kulikotaka kuua watu. Ukijua kuna hatari, iseme palepale, hata kama kosa ni lako. Mimi nitakasirika, halafu hasira itaisha. Mtu akifia humu, nani atamrudisha? Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Alimpa vijiti vipya vyenye vitambaa na jiwe la kugongea. Deogratias alikuja, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Minza alishindwa kuutazama.

"Nisamehe, kaka," alisema.

"Nimekusamehe," Deogratias alijibu. Alishika kijiti kwa mkono wake mzima, akakitikisa. "Hiki bado kinacheza. Gonga tena."

Minza akagonga.