Mlango wa Mwisho Waliufungua Bila Mimi

Nina miaka thelathini na moja, naishi Bukoto kwa shangazi aliyenilea. Mama yangu mzazi aliniacha kwake nikiwa sijaota meno, na sijamwona mpaka leo. Shikeni hilo kwanza, maana ndilo nililoibiwa!

Mchumba wangu Swaleh alikuwa na kibanda cha gemu karibu na soko la Nakawa. Vijana walitaka mpira tu. Kwenye kona kulikuwa na gemu moja ya zamani ya kung fu, maandishi yote Kijapani. Nani aicheze? Hata Swaleh hakujua yule mpiganaji anatafuta nini.

Sasa, hapa Kampala filamu ya kigeni haiendi bila mtu wa kuisimulia. Basi nikashika maiki! Swaleh anacheza, mimi nasimulia kwa Kiswahili, Wakongo na Wakenya wa sokoni wapate kuelewa. Nikasema mpiganaji anamtafuta mama aliyemtupa. Jamani, kibanda kilijaa! Wauza vitenge walikuwa wanafunika meza zao waje wasikie.

Mlango wa mwisho wa gemu hatukuufungua. Swaleh mwenyewe alisema tutaufungua siku ya kwanjula, akija na wazee wake kujitambulisha kwa shangazi. Nikamnong'oneza yeye peke yake nitakachosema siku hiyo... kwamba mama atamtazama mwanawe na kumwambia, "Sikukutupa. Nilikuficha." Maneno niliyoyangoja maisha yangu yote! Nilimwambia huku nalia.

Kisha shangazi akaugua, nikabaki nyumbani kumuuguza. Rafiki yangu Zulfa, tuliyekula naye sahani moja tangu madrasa, akasema atanishikia maiki kidogo. Nikamshukuru, mjinga mimi! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Swaleh akaanza kuahirisha kwanjula. Mara baba yake hajisikii vizuri, mara mvua... Mvua! Nani aliwahi kukosa kuoa kwa sababu ya mvua?

Ijumaa moja baada ya swala nikampelekea pilau. Kibanda kimefurika. Kwenye viti vya mbele wamekaa wazee wa Swaleh, na pembeni yao wazazi wa Zulfa, wote wamevaa vya sherehe! Kwenye skrini mlango wa mwisho uko wazi, na Zulfa kashika maiki, anasema kwa sauti ya kilio, "Sikukutupa. Nilikuficha." Watu wanafuta machozi.

Nilichomoa waya ukutani. Nikapiga kelele kwamba hayo ni maneno yangu, huyo ni mama yangu!

Mnajua walifanya nini? Wakanizomea! Mkongo mmoja muuza vitenge akaniambia, "Dada, acha wivu. Huyu mwenzako katupwa na mama yake, anasimulia maisha yake." Katupwa? Mama yake si huyo hapo kwenye kiti! Nikamtazama yule mama, naye akajifanya kurekebisha mtandio.

Swaleh je? Alirudisha waya, akaniomba nisogee, eti naziba skrini. Shenzi kabisa!

Dada zangu, nawasihi, mwanamume aje kwa wazee wenu kwanza, kidonda chako akione baadaye. Rafiki akitaka kukushikia kitu, mpe sufuria, mpe mwavuli, lakini maneno yako kaa nayo mwenyewe.

Nawe mama, kama uko hai na unasoma haya, njoo tu. Ila ukifika usiniambie kwamba hukunitupa, ulinificha. Tafuta maneno mengine... hayo Swaleh na Zulfa wameshayatumia kuoana.