Sampuli ya Tatu

"Sufuria tatu ziko jikoni. Onja zote."

Ujumbe uliingia saa mbili kasorobo asubuhi, Sindano akifunga kamba za viatu. Aliusoma mara moja, akaufuta, akashuka ngazi mbilimbili.

Sufuria maana yake sampuli. Jikoni maana yake ofisini kwa Mkuu. Na Mkuu wa Idara hakuwa mtu wa kumwita mpelelezi wake hodari aje kuonja kitu kisicho na sumu.

Alimkuta amesimama dirishani, mikono nyuma. Mezani palikuwa na vikasha vitatu, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti. Ndani ya kila kikasha kulikuwa na jozi ya eafoni zisizo na waya, bado zimezimwa, zile zisizoziba sikio. Zinakaa nje ya tundu, kwa hiyo unasikia simu yako na unamsikia pia anayekuita kwa nyuma. Zote zilikuwa za bei ya mtu wa kawaida.

Mkuu alieleza kwa ufupi. Shirika la umeme lilitaka jozi mia nne kwa wafanyakazi wa chumba cha kuongozea mitambo, watu wanaoshinda wakipokea simu huku wakitakiwa kusikia ving'ora. Waagizaji watatu walikuwa wameomba zabuni. Idara ilitakiwa kupima ni zipi zinafaa kwa matumizi ya kila siku.

"Hiyo ni kazi ya fundi," Sindano alisema.

"Geuza kikasha cha tatu. Soma jina la mwagizaji."

Aligeuza. Akasoma. Mishipa ya shingo ilimsimama.

Kampuni ile ilikuwa ya Mhandisi.

Mhandisi alikuwa ameongoza karakana ya mawasiliano ya Idara kwa miaka minne. Aliacha kazi kwa barua yenye adabu nyingi, wiki mbili baada ya Sindano kumzika mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na sita, kitinda mimba wa mama yao, fundi wa redio wa karakana ileile, anayecheka kabla hujamaliza utani. Alasiri moja aliwekwa kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne alinde mlango. Masikioni alikuwa na eafoni za mpira, za kuziba kabisa, alizopewa na Mhandisi mkono kwa mkono. Ghafla masafa yakajaa kelele, sauti ya juu kuliko zote. Dereva, aliyekuwa ndani ya gari nje, aliwaona watu wawili wakiingia kwa mlango wa nyuma. Aliita redioni mpaka sauti ikamkauka. Kijana hakumsikia. Hakusikia hata viatu vilivyokuwa vikishuka nyuma yake.

Walimkuta ameketi, kisu mgongoni, vidole vikiwa bado sikioni.

Ripoti iliandika: hitilafu ya mitambo.

Sindano hakuiamini siku ile, na hakuwahi kuiamini tangu hapo. Lakini kutokuamini si ushahidi.

"Namtaka hai," Mkuu alisema. "Yeye na aliye nyuma yake. Kama huwezi, sema sasa hivi."

"Naweza."

"Una hakika?"

"Nimesema naweza, Mkuu. Sijasema napenda."

Akaanza kuonja.

Kwa siku saba alivaa eafoni kama mwananchi yeyote aliyezinunua dukani. Alipanda nazo ngazi, akaosha nazo vyombo, akatembea nazo sokoni wakati wa msukumano. Ya kwanza ilikuwa ya kubana ukingo wa sikio. Saa ya kwanza ilikuwa tamu, ya tatu ilifinya kama shangazi mkali. Ya pili ilikuwa na kulabu ya kupita nyuma ya sikio. Iligombana kidogo na miwani yake, lakini aliporuka mtaro haikutikisika, jasho halikuisumbua, na sauti ya mtu kwenye simu ilikuja safi. Besi haikuwepo. Aliyetaka ngoma zimpige kifuani angetafuta pengine. Karibu na jenereta nayo ilizidiwa, kama zote.

Na zote zilikuwa na ila moja ya asili yao. Ukipandisha sauti kupita nusu, aliyekaa pembeni yako anasikia mazungumzo yako. Sikio likiwa wazi kuingiza, liko wazi kutoa pia. Sindano aliliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Sampuli ya tatu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nyepesi. Laini. Unaisahau sikioni.

Hapo ndipo aliposhtuka. Mtu aliyemjua kuwa nyoka, mbona kamletea asali?

Siku ya nane aliziacha jozi zote tatu kwenye droo, zimeunganishwa na simu, kimya, tangu asubuhi hadi jioni. Ya kwanza haikupungua chaji. Ya pili ilipungua kidogo sana. Ya tatu ilikuwa imekula theluthi nzima ya betri.

Eafoni isiyopiga muziki wala kupokea simu ilikuwa imeshinda kutwa ikifanya kazi. Kazi ya nani?

Aliipeleka kwa mzee wa maabara ya Idara, ndani ya chumba chenye kuta za chuma ambamo mawimbi hayaingii wala hayatoki. Mzee aliifungua kwa kisu chembamba kama unywele, akainamia kioo cha kukuzia, akakaa hivyo muda mrefu.

"Binti yangu," alisema hatimaye, "hii ina masikio kuliko wewe."

Kulikuwa na kipaza sauti cha pili. Kulikuwa na kijidude kinachodandia simu yoyote iliyo karibu na kupeleka nje kila neno lililosemwa. Jozi mia nne za namna ile, kwenye chumba ambamo maneno ya siri ya mitambo husomwa kwa sauti kila zamu inapobadilishwa. Mwenye kuyasikia angeweza kuzima taa za nchi nzima, hospitali kwa viwanda, bila kuinuka kitini.

Mkuu alitaka Mhandisi akamatwe jioni ileile. Sindano alitikisa kichwa. Wakimkamata leo, alisema, watapata kasha lenye kijidude. Mhandisi atasema ameletewa hivyo kutoka kiwandani, na mnunuzi wa siri hizo, mwenye kusikiliza, atapanda ndege. Yeye alikuwa na njia nyingine. Ikiwa watu hao wanapenda sana kusikiliza, basi wapewe cha kusikiliza.

Ilikuwa njia halali. Haikuwa njia ya huruma.

"Fanya," Mkuu alisema.

Mzee aliifunga upya sampuli. Kesho yake asubuhi Sindano na Mkuu waliketi wakinywa chai, sampuli ya tatu ikiwa katikati yao, na wakazungumza kama watu wasiojua kwamba meza ina masikio. Walimsifu Mhandisi. Walisema miezi miwili sasa amekuwa mtu wao wa ndani, asiyekosea. Ameshawaletea picha ya mnunuzi. Kilichobaki ni nakala ya pasipoti, na ameahidi kuileta kabla ya wiki kwisha.

"Tumlinde sana," Sindano alisema, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hao wenzake wakijua, watamchinja."

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, alikuwa mtaani, hatua thelathini nyuma ya Mhandisi.

Alivaa koti la bluu la msafishaji, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, na masikioni sampuli ya pili. Hakujificha uso. Watu wa karakana na wapelelezi wa nje hawakuruhusiwa kujuana sura, na Mhandisi hakuwa amefika mazikoni.

"Anavuka," Dereva alisema sikioni. Ndiye yuleyule wa siku ile, na tangu siku ile alikuwa hapendi kuongea. "Mlango wa vioo."

"Namwona."

Aliisikia kengele ya baiskeli nyuma yake, akaipisha bila kugeuka. Akaingia jengo la ofisi, akabana mlango wa lifti kwa ndoo.

"Samahani, bosi."

Mhandisi alisogea bila kumtazama. Alikuwa amenenepa. Masikioni alikuwa amevaa bidhaa yake mwenyewe, na jasho lilikuwa likimtoka kama mtu aliyebebeshwa gunia. Simu iliita. Akapokea, akapandisha sauti, maana lifti ilikuwa ikinguruma.

Alipandisha kupita nusu.

Sindano alitazama ndoo yake. Sauti ilivuja polepole, sauti ya mgeni aliyejifunza Kiswahili kwenye vitabu, kila neno limepigwa pasi.

"Saa saba mchana. Ghalani kwako. Peke yako. Wafanyakazi wape mapumziko."

"Kuna tatizo?" Mhandisi aliuliza.

"Utanieleza wewe."

Lifti ikafunguka. Mhandisi akatoka akijifuta shingo. Sindano alibaki ndani, akabonyeza kwenda chini.

"Saa saba, ghalani," alimwambia Dereva.

"Nimesikia. Na mzee wa maabara anasema kile kijidude kilicho masikioni mwa Mhandisi ameshakinasa. Kila watakachosikia wao, na yeye anasikia. Anarekodi."

Saa saba kasorobo kwa saa yake ya Casio, Sindano alikuwa amelala tumbo juu ya rundo la maboksi, mita tano kutoka ardhini, bastola yake ya Glock mkononi. Ghala lilinuka plastiki mpya. Jua la mchana lilipenya kwenye matundu ya bati na kuchora vidoti sakafuni. Chini yake, jozi mia nne zilikuwa zimepangwa kwenye ubao, zimeshafungwa kwa ajili ya safari.

Mhandisi alifika wa kwanza. Akatembea huku na huko.

Mgeni aliingia saa saba kamili, suti ya kijivu, mlinzi mmoja nyuma yake. Hakusalimia. Alitoa Makarov yenye kiwambo cha kumeza sauti akamlenga Mhandisi tumboni, na mlinzi akatoweka nyuma ya maboksi kukagua.

"Miezi miwili," Mgeni alisema. "Picha yangu. Sasa pasipoti."

Mhandisi hakuelewa. Aliapa. Alisema ni uongo, ni fitina, ameonewa. Kadiri alivyoapa ndivyo bastola ilivyopanda, tumboni, kifuani, usoni.

"Sindano," Dereva alisema sikioni. "Tuko mlangoni. Toa amri."

Hakutoa.

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, Mgeni alikuwa wazi mbele yake, na amri ilikuwa neno moja tu. Lakini alimwona Mhandisi akipiga magoti, na ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa na kiu tangu mazikoni kikasema: subiri. Acha aonje.

Akasubiri.

"Ningewauzaje?" Mhandisi alilia. "Mimi? Nani aliyewaondolea yule kijana kwenye ngazi? Si mimi? Eafoni za kuziba nilimpa mimi. Kelele nilimmwagia mimi, kwa mkono wangu, nikiwa karakanani. Watu wako walishuka wakamkuta kiziwi. Nimeua mtu wa Idara kwa ajili yenu, leo unaniita msaliti?"

Mgeni hakuishusha bastola.

"Mzee amepata yote," Dereva alisema sikioni. "Neno kwa neno. Sindano, to..."

Na katikati ya neno hilo, kwa sikio lilelile lililokuwa likimsikia Dereva, alisikia soli ya kiatu ikikwaruza boksi nyuma yake.

Alijibiringisha. Risasi ilipasua boksi alipokuwa amelaza kichwa. Alimpiga mlinzi teke la goti. Mlinzi akaporomoka na upande mmoja wa rundo la maboksi. Sindano aligeuka kabla hayajatua, akafyatua mara moja. Makarov iliruka kutoka mkononi mwa Mgeni pamoja na kipande cha kidole.

"Ingieni."

Mlango ukaanguka. Dakika mbili baadaye Mgeni alikuwa kifudifudi, pingu mikononi, akidai balozi wake kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja. Mlinzi alitolewa kwenye maboksi akichechemea.

Mhandisi alikuwa bado amepiga magoti. Sindano aliposhuka, alimshika pindo la koti kwa mikono yote miwili.

"Umeniokoa, dada. Angeniua. Mungu akulipe, sijui nikushukuruje."

Sindano alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Alizivua eafoni masikioni mwa Mhandisi, moja kisha ya pili, taratibu kama muuguzi, akazitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Yule wa kwenye ngazi," alisema, "mimi ni dada yake."

Suruali ya gharama ya Mhandisi ikalowa.

"Uliyoyasema tumeyarekodi, kwa mtambo wako mwenyewe. Utayasikiliza mahakamani, na mama yangu atakuwa ameketi safu ya mbele."

"Basi piga risasi," alinong'ona. "Nakuomba. Hawa watu wana mikono mirefu. Watanifuata hata huko ndani. Piga, yaishe."

Aliifikiria. Hakuna aliyekuwa akitazama. Dereva alikuwa ameshageuza mgongo, kwa makusudi.

"Hapana," alisema, akaichomeka Glock kiunoni. "Wewe uishi sana."

Nje, Mkuu alikuwa ameegemea Land Cruiser. Aliuliza kwa nini amri ilichelewa dakika nzima. Sindano alijibu kwamba alikuwa akisikiliza. Mkuu hakuendelea na swali hilo. Akauliza shirika la umeme liambiwe nini, maana watu wale bado walihitaji vifaa.

"Wachukue sampuli ya pili. Betri inamaliza zamu, haidondoki, bei si mbaya. Wenye miwani wataona tabu siku mbili tatu. Na uwaambie wasipandishe sauti kupita nusu."

Alivua koti la bluu, akalitupia ndani ya gari, akapiga simu.

"Mama. Yule aliyemuua amepatikana. Amekiri kwa mdomo wake."

Mahali fulani kwa mama, maji yalikuwa yakitiririka kwenye bomba, yakafungwa.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukumgusa?"

"Sikumgusa, mama."

Mama alivuta pumzi ndefu.

"Wewe una moyo wa baba yako," alisema. "Mimi ningemgusa."

Sindano alicheka, mara ya kwanza tangu mazikoni, kicheko kifupi na kikavu. Alimwambia mama aweke maji motoni, anakuja. Kisha akashika njia kwa miguu katikati ya watu, hakugeuka nyuma, na wanaume waliokuwa wakipakia watuhumiwa kwenye magari wakampisha apite.