Karatasi Niliyomsomea Mama

Kila nikitoka shule nilipitia karakana ya kushona sare, ambako Mama alipiga pasi. Wengi wa mafundi pale, Mama akiwamo, hawakujua kusoma, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliwasomea ujumbe wa simu, maelezo ya dawa, hata barua za wachumba. Wakanibatiza jina la Profesa. Na mimi nikavimba kichwa kweli kweli.

Mwaka ule Mama alipata uvimbe kwenye titi. Ajabu ni kwamba mwezi ule ule mwenye karakana, mwanamke tuliyemwita Bosi, naye alipata wake. Wote wawili walikatwa kinyama kidogo kikapimwe. Bosi alipigiwa simu na daktari wake, akalazwa wiki ile ile. Mama alipewa karatasi kwenye dirisha la hospitali, akasikia, "Haya, anayefuata!"

Alinipa karatasi hiyo kwenye meza ya pasi.

"Hebu nisomee, mwanangu. Moyo unanienda mbio."

Nikasoma kwa sauti: "Majibu ya kipimo: chanya. Afike kliniki Jumatatu."

"Chanya ndiyo nini?"

Darasani tulifundishwa kwamba mtazamo chanya ni mtazamo mzuri. Kwenye karatasi ya hospitali sikuwa na hakika hata kidogo. Lakini mafundi wote walikuwa wananitazama. Profesa mzima niseme sijui?

"Chanya ni nzuri, Mama! Uko salama!"

Mama akapiga vigelegele, mafundi wakampongeza. Jumatatu hakwenda kliniki.

"Niende kutafuta nini, na mimi ni mzima?" alisema. "Siku nisipofika hapa silipwi."

Miezi mitano ikapita na uvimbe ukazidi kukua. Mkono wa kulia ukaanza kumuuma, akahamishia pasi mkono wa kushoto. Halafu ngozi ya titi ikawa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Nilipomuuliza alinitania, "Si wewe uliyesema niko salama?" Alicheka, mimi nikaogopa. Nilijua kuna jambo baya linakuja, na bado nikanyamaza. Aibu ilinifunga mdomo.

Siku moja Bosi akarudi kazini. Alikuwa amekonda na amejifunga kitambaa kichwani, lakini matibabu alikuwa ameyamaliza. Akamkuta Mama anahangaika na pasi.

"Mwenzangu, kwani majibu yako yalikuwaje?"

"Mazuri, Bosi. Chanya."

Bosi akashika meza. "Ala! Hata yangu yalikuwa chanya! Maana yake ugonjwa wameuona. Ni saratani hiyo!"

Vyerehani vyote vikasimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi alitupeleka hospitali saa ile ile kwa gari lake. Mama alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Wameutoa, na tumaini lipo, ila dawa zake zitakuwa kali na za muda mrefu kuliko za Bosi.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikalia. "Nisamehe, Mama. Lile neno sikulijua. Nilijifanya najua."

Mama alinishika mkono. Muuguzi aliyekuwa akimbadilishia bandeji, ambaye Bosi alikuwa ameshamsimulia yote, ndiye aliyenijibu.

"Neno usilolijua, sema hulijui, hata kama watu mia wanakutazama. Ungeuliza, mama yako angetibiwa mapema. Lakini mzigo huu si wako peke yako, binti. Bosi wenu alipigiwa simu akaelezwa. Mama yako alipewa karatasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anajua kusoma. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Hapo sisi ndio tuliokosa."

Mama akajiinua kidogo kwenye mto, taratibu, kwa sababu kidonda kilikuwa kibichi.

"Basi, dada yangu, leo nieleze mimi mwenyewe," alisema. "Kuanzia mwanzo, na neno nisilolielewa nitakusimamisha."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi.