Konzi ya Udongo wa Baba

Elisante alirudi Al Baraha magharibi inaingia, mkononi chupa mbili za maji kutoka dukani. Kesho yake alikuwa na safari ya kwenda kwao Same, kumalizia mazishi ya baba yake. Maji yale hakuyanunua ayanywe. Yalikuwa ya mmea uliokuwa kabatini.

Bhangi, jamani! Mtoto wa mzee wa kanisa kapanda bhangi kwenye kabati la nguo, chini ya taa ya zambarau, katika mji wa Kiarabu ambao ukishikwa nayo, khalas, umekwisha. Shomari, aliyepanga naye chumba, alimwonya mpaka akachoka.

Na hilo lilikuwa dogo.

Baba alipofariki, kafeel, mwajiri aliyemdhamini, alimnyima ruhusa ya kwenda kuzika. Mama akampa msafiri amletee konzi moja ya udongo wa kaburini, kaufunga kwenye kitambaa. "Hii ni sehemu yako," alimwambia kwenye simu. "Ukija, uutupe kwa mkono wako mwenyewe. Mpaka hapo, baba yako hatujamaliza kumzika."

Na Elisante akafanya nini? Udongo wa dukani ulipopungua kwenye ndoo ya mmea wake, alifungua kitambaa akajazia. Eti nani atajua?

Sasa, ufunguo ukiwa bado mlangoni, alisikia kitu.

Koh... koh...

"Shomari?"

Shomari alikuwa bado kazini Al Quoz. Kisha ikaja harufu, na haikuwa ya bhangi. Ilikuwa ya ugoro. Ugoro wa baba, wenye magadi.

Alifungua kabati. Feni ilikuwa imezimwa, lakini majani yalikuwa yakitikisika.

"Elisante..." Sauti ilitoka chini, kwenye ndoo. "Mwanangu... nizike."

Hofu alikuwa nayo, lakini aibu iliizidi. "Nisamehe, baba," alilia. Akaung'oa mmea, akaukatakata, akautupa chooni. Kisha akapekua ndoo kwa vidole. Upi wa kaburini, upi wa dukani? Hakujua. Akachota konzi moja, akafunga kitambaa.

Same, aliutupa udongo ule mbele ya ukoo mzima. "Sasa mzee kalala," mama alisema, huku akimkumbatia. Elisante hakuweza kumtazama usoni.

Wiki sita baadaye, amesharudi Al Baraha, mama alipiga simu jioni.

"Mwanangu, kaburini kwa baba yako kumeota mmea. Pale pale ulipotupa! Majani yake kama vidole."

Labda mbegu ilidondoka kwenye ndoo ile. Labda.

"Ung'oe, mama."

"Niung'oe? Namwagilia kila jioni. Ila mchungaji kaja kuutazama, kaondoka bila hata kuaga. Na majirani siku hizi wananong'ona nikipita." Mama akashusha sauti. "Halafu nikiugusa... nasikia mtu anakohoa. Mmea gani huu, Elisante? Wewe unaujua?"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Elisante alifumbua mdomo. Akamwona mama yake na kopo la maji, peke yake, na kijiji kizima kinamcheka kwa kosa asilolijua.

"Siujui, mama."

Na kwenye simu, karibu kabisa na mama yake, mtu akakohoa.