Kigelegele Kabla ya Eda Kuisha

Harufu ya hina mbichi ilikuwa inatoka kwenye simu. Tekber aliisikia mchana, anamnyonyesha Seleka, nyumba nzima ya mama yake imelala baada ya chakula, na nje Nuakshoti kimya, mchanga tu unakwaruza mlango.

Kosa lilikuwa la mdogo wake, Tutu. Kwao mwanamke aliyeachwa hufanyiwa sherehe, ngoma na vigelegele, lakini eda ikishaisha. Tutu hakungoja, akaalika wanawake na ngoma.

"Acha Lemrabot aone, dada! Hapa ukiachwa, bei inapanda!"

Akamrekodi video, akairusha mtandaoni. Tekber alicheka mara moja tu, kwa aibu, huku moyoni anaomba mumewe Lemrabot amrejee, maana talaka ilikuwa moja na siku za eda bado zilikuwepo.

Sasa akaifungua ile video. Nyuma yake alisimama mwanamke wa melhafa nyeusi, kajifunika gubigubi.

"Tutu, hebu amka. Huyu nani?"

"Mh! Huyo sikumwalika mimi."

Walipoitazama tena alikuwa amesogea, na kadiri watu walivyozidi kuitazama huko mtandaoni ndivyo alivyozidi kusogea, mpaka uso wake ukakaa pale pa uso wa Tekber, ukawa uso uleule, kicheko kilekile, ila kicheko hakikukatika hata simu ilipozimwa, kikawa jikoni, kikawa chini ya mkeka, na mtoto akaacha ziwa akawa anageuza kichwa kukifuata, anatabasamu kama aliyemwona mama yake.

"Ya Rabi, mwanangu! Mama, amka!"

Akaletwa shehe mwandishi wa hirizi. Alisoma, akafukiza, jasho likamchuruzika.

"Mmeshangilia mwisho na mwisho haujafika," alinong'ona. "Mmeacha nafasi ya mke wazi, kaingia."

Alasiri kicheko kilitoka mlangoni, kikapotelea mtaani. Wakapumua.

Tekber akampigia Lemrabot.

"Ni mimi, mama Seleka. Ile sherehe siyo ya moyo wangu, wallahi. Bado nakutaka."

Ikaja ile sauti ya upole, upole aliokuwa akiulilia siku zote hizi:

"Bibi wewe, usiniigizie sauti yake. Mke wangu kaingia sasa hivi. Nimeshamrejea, na ndugu zangu wameshuhudia."

Nyuma ya Lemrabot, humo simuni, Tekber akajisikia mwenyewe, sauti yake hasa, inauliza taratibu:

"Nani huyo, baba Seleka? Mwambie aniletee mtoto wangu."